Kiingilio ni cha Nani?

Nimekula miaka mingi kwa kuonyesha watu vitu ambavyo si vyangu. Nilianza na mikanda ya video, nikaja kwenye CD, nikaja kwenye gemu, na sasa nabeba kamera kwenye harusi na ngoma kati ya Masasi na Newala. Kwa hiyo vijana wa Mkuti, hapa Masasi, wanaponijia wakilalamika kwamba video zao za gemu zimekatiwa hela YouTube kwa sababu kampuni yenye gemu imedai chake, mimi sishtuki. Kesi hiyo ni ya siku nyingi. Imeshapita kwetu huku kusini zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza ilipita babu yangu akiwa hajaingia jando.

Mwaka 1906 alipanda uwanda wa Makonde Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Kwanza alikuwa amepangiwa kwenda upande wa Kondoa Irangi, lakini huko kulikuwa na machafuko, akaelekezwa kusini. Kusini nako moto wa Maji Maji ulikuwa haujazimika sawasawa. Misheni ya Masasi, ambayo Askofu Edward Steere wa UMCA aliianzisha mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, ilikuwa imechomwa moto mwaka mmoja tu kabla hajafika. Weule akashuka Lindi, akatembea na wapagazi wake mpaka Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkubwa wa Wayao, halafu akapanda mpaka Newala na Mahuta. Kwenye mizigo yake kulikuwa na mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta, na kulikuwa na kamera ya sinema.

Alipiga picha za ngoma zetu. Akanasa nyimbo, akanunua vinyago vya kuvaa usoni, akavifunga, akarudi kwao. Mwaka 1907 akawa mkurugenzi wa makumbusho yale ya Leipzig, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha safari yake. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikatoka kwa Kiingereza huko London, kimetafsiriwa na Alice Werner. Sina haja ya kumwita mwizi. Waliokuwa na kitu cha kuuza walimuuzia, na waliocheza walicheza. Ninachosema ni kwamba wakati ule Ujerumani ilikuwa na miaka 20 tangu itie saini Mkataba wa Berne wa 1886, ule unaolinda kazi za waandishi na wasanii nje ya mipaka ya nchi zao. Mkataba huo ulimjua mtu mwenye jina na kalamu. Ngoma ya Newala haikuwa na jina la mtungaji, kwa hiyo mbele ya sheria ilikuwa kama maji ya mvua, anayekuja na ndoo anachota. Aliyekuwa na kamera akawa ndiye mwenye kazi, na waliocheza wakabaki kuwa kitu kilichopigwa picha.

Lakini asidhani mtu kwamba sisi wenyewe hatukuwa na utaratibu. Kwenye uwanda, ngoma ya midimu, ile ya watu waliovaa vinyago, ilikuwa na sheria zake. Kinyago kilihifadhiwa mbali na macho ya wanawake na watoto. Aliyeko ndani yake hatajwi, na asiyepita jandoni hakuruhusiwa hata kuuliza. Mchongaji anaweza kuwa mtu mmoja, mvaaji mwingine, na wapiga ngoma wengine kabisa. Kikundi kikialikwa kijiji cha pili, mwenyeji anajua tangu mwanzo kwamba kuna chakula, kuna pombe, na kuna cha kuwapa mkononi, halafu watazamaji nao wanatuza. Aliyetaka ngoma ichezwe kwake alikwenda kuongea na wenye ngoma kabla, na waliokuwa na neno la mwisho walikuwa wazee. Utaratibu huo haukuandikwa popote, ila kila mtu aliujua, na aliyeukiuka alijua atafuatwa na nani.

Baada ya uhuru ikaja zamu ya sindimba. Serikali iliunda Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kikakusanya ngoma za makabila, na sindimba ya Wamakonde ikawa miongoni mwa zile zilizopendwa kuliko zote, ingawa wapo waliokunja uso kwa sababu ya kile kiuno. Ikafundishwa shuleni, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, ikaingia kwenye mahoteli ya Dar es Salaam. Nilipokuwa mtoto wazee wa kwetu waliifurahia habari hiyo. Wengine walijigamba kwamba Rais ametazama ngoma yetu. Hakuna aliyeuliza mwenye hoteli analipa nani, kwa sababu kitu kilikuwa kimeshaitwa cha taifa, na kitu cha taifa hakina mtu wa kumdai.

Swali hilo lilikuja kuulizwa na sheria yenyewe mwaka 1999. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka ule, iliyotuletea COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi. Inasema, kwa kifupi, kwamba anayetumia sanaa hizo kwa nia ya kupata faida na nje ya mazingira yake ya kimila lazima apate kibali, na mwenye kutoa kibali ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Yatazame masharti hayo mawili kwa makini: faida, na nje ya mazingira yake. Bibi akicheza sindimba kwenye unyago wa mjukuu wake hana wa kumuuliza. Hoteli ikiicheza kwa kiingilio, hapo kuna la kuongea. Sheria haikugusa mchezo. Iligusa hela. Kila mahali nilipoifuatilia kesi hii nimekuta mpaka umechorwa palepale: kucheza hakumgombanishi mtu na mtu, kutazama pia, na ugomvi huanza siku hela inapoingia kwenye mfuko ambao mwenye kitu hakuutarajia.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Sinema ilifika Tanganyika vijijini zamani kidogo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wao kule Vugiri, milima ya Usambara, wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, wakizizungusha kwa gari na kuweka maelezo kwa lugha za wenyeji kupitia kipaza sauti. Hapo tayari lilikuwepo jambo ambalo baadaye lilitulisha sisi: picha ya mtu mmoja, na sauti ya mtu mwingine juu yake. Uhuru ulipokuja gari la sinema liliendelea kuzunguka, na likifika watu walikuwa wanakaa chini uwanjani, wengine nyuma ya kitambaa, wanaitazama picha kinyumenyume.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Deki za video zilitangulia. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, wafanyabiashara na mabaharia walizileta, na mjini watu wakagundua kwamba runinga moja na deki moja ndani ya chumba chenye giza ni duka tosha. Kusini tulichelewa kwa sababu ya barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika ikikolea Mto Rufiji ulikuwa unatukata na nchi, na mkanda mpya uliotoka Kariakoo ungeweza kufika Masasi ukiwa umeshachoka kusimuliwa na kila aliyetoka Dar.

Banda langu la kuonyeshea video lilikuwa la miti na udongo, paa la bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya korosho. Mabenchi yalikuwa mbao zilizopigiliwa juu ya visiki. Nje kulikuwa na spika moja, na ubao wenye chaki: saa kumi jioni Commando, saa moja usiku picha ya Kihindi, kiingilio shilingi 50, mtoto 20. Umeme wa TANESCO ulikuwa wa jenereta la dizeli na ulikatika bila taarifa, kwa hiyo nilikuwa na kajenereta kadogo nyuma, kamefukiwa nusu kwenye shimo ili kelele zake zisiwazidi nguvu waigizaji. Mikanda ikichezwa sana huacha uchafu kwenye hedi ya deki, picha inaanza kunyesha. Hapo unasimamisha, unafungua kifuniko, unachovya kipande cha fulana kwenye spiriti, unafuta hedi taratibu kwa ncha ya kidole, huku watu 60 gizani wanapiga miluzi na kudai chao. Oktoba msimu wa korosho ukifunguka nilikuwa nahamia Kitangari, maana huko ndiko hela zilikokuwa, na kwa wiki kadhaa banda halikuwa na nafasi ya kuweka mguu.

Mwanzo wa mkanda halisi wa Kimarekani kulikuwa na maandishi, na alama ya FBI, yakisema kwamba anayenakili au kuonyesha kazi hii hadharani bila ruhusa anaweza kufungwa miaka mitano na kutozwa faini ya dola 250,000. Sisi tulikuwa tunayaita "maandishi" tu. Mtu aliyekaa mbele alikuwa anapaza sauti, "Njomba, peleka mbele maandishi!" nami nabonyeza, yanapita mbio. Dola 250,000 zilikuwa hesabu ya dunia nyingine. Mwenye kazi alikuwa Los Angeles, hakujua kwamba kuna Masasi, na Masasi haikuwa na chochote ambacho angetaka kukijia.

Tena mtu asidhani watu walikuja kumtazama Schwarzenegger peke yake. Kilichojaza banda kuanzia miaka ya 1990 kilikuwa ni sauti ya Lufufu. Kapteni Derek Mukandala, ndilo jina lake, alikuwa anaiweka sauti yake juu ya filamu za nje na kuitafsiri picha nzima kwa Kiswahili peke yake: mwanamume, mwanamke, mtoto, jambazi, polisi. Lakini hakutafsiri tu. Alieleza, alitania, alionya, aliwapa waigizaji tabia za watu wa mtaani, akamaliza kwa funzo. Uganda walikuwa na watu wao wa kazi hiyo, wakiitwa mavijei, na Kenya baadaye ikampata DJ Afro. Mkanda uleule bila Lufufu ulikuwa unaingiza watu 20. Ukiwa na Lufufu, 60. Nilijua hivyo kwa kuhesabu sarafu kwenye kopo, wala sikuhitaji mwanasheria wa kunieleza. Sasa niambie, kwenye zile shilingi 50, sehemu ya Hollywood ni ipi, ya Lufufu ni ipi, na ya kwangu mwenye deki, jenereta na mafuta ni ipi?

Hilo ndilo swali lenyewe, na wakati ule halikuwa na jibu kwa sababu hakuna aliyeliuliza. Lilikuja kuulizwa wakati wenye kazi walipokuwa majirani. Bongo Movie ilipokua katika miaka ya 2000, na nyuso kwenye makasha zikawa za watu tunaowajua majina mpaka mitaa, hakimiliki ikapata mdomo. COSOTA ikaanza kudai ada ya leseni kwa mabaa, mahoteli, mabasi na mabanda yanayotumia kazi za wasanii hadharani. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA kwenye CD na DVD za muziki na filamu, ili iliyo halali ijulikane kwa macho. Aprili 2017 wasanii wa filamu wakaandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Wenzangu wa mabanda walikasirika. Mimi niliwaelewa wasanii, kwa sababu niliwahi kuona nakala ya filamu ya Kitanzania ikifika Masasi kabla mwenyewe hajamaliza kuitangaza redioni.

Wakati huo nilikuwa nimeshaingia kwenye gemu. Sony ilitoa PlayStation ya kwanza Japani mwaka 1994 na ya pili mwaka 2000. Masasi zilitufikia zikiwa zimeshatumika, kupitia Kariakoo, zimefungwa chipu ili zisome CD za kuchoma. Gemu ilikuwa moja kwa kweli, ya mpira: Winning Eleven ya Konami, baadaye na FIFA. Mechi moja shilingi 100, kila kipindi dakika tano, anayefungwa anapisha. Gemu ile ilikuwa na sehemu ya kubadilisha majina ya timu na wachezaji, kwa hiyo tulikesha na pedi mkononi tukiandika herufi mojamoja mpaka ndani yake zikawemo Simba na Yanga, na Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, tukaiandika na Ndanda. Konami ya Tokyo haikujua kwamba timu ya Mtwara inacheza ndani ya gemu yake.

Mtangazaji wa kwenye gemu alikuwa anaongea Kijapani au Kiingereza, hasikiki, hapendezi. Basi alikuwepo kijana mmoja ambaye hakuwa na hela ya kucheza, lakini alisimama nyuma ya wachezaji akitangaza mechi kwa Kiswahili kama yuko uwanjani, akitaja majina ya wenye pedi, majina ya mama zao, madeni yao dukani. Watu walianza kuja kumsikiliza yeye. Baadhi walikaa saa mbili bila kushika pedi. Nikaanza kumlipa chakula, kisha nikamlipa hela, kwa sababu siku asipokuja banda lilikuwa linapoa. Alikuwa ni Lufufu mdogo, na bila yeye kujua alikuwa anafanya kazi ambayo wakati huohuo ilikuwa inamtajirisha Mswidi mmoja huko mtandaoni.

Mswidi huyo ni Felix Kjellberg, dunia inamjua kama PewDiePie. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu huku anaongea, na mwaka 2013 chaneli yake ikawa na wafuasi wengi kuliko nyingine yoyote YouTube. Maelfu wakafuata njia yake. Hela ilitoka kwenye matangazo, na hela ilipoonekana, mwenye gemu akaamka. Mei 2013 Nintendo ya Japani ilianza kutumia mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu na kudai mapato ya matangazo kwenye video za mashabiki waliokuwa wakionyesha gemu zake. Video hazikufutwa. Hela tu ndiyo ilibadilisha mfuko. Mashabiki waliona wameibiwa, kampuni ikaona imechukua chake.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Aprili 2013, jirani zetu wa Liwale walichoma nyumba kwa sababu ya korosho. Wakati ule mkulima kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani alikuwa anapewa malipo ya kwanza, anangoja ya pili, na Mungu akijalia, nyongeza ya mwisho iliyoitwa majaliwa. Yale malipo ya pili yalikuja yakiwa chini ya walivyotarajia, na hasira ikalipuka. Mimi huziweka habari hizi mbili pamoja ninapowaeleza vijana. Mkulima wa kusini analipa makato kila mwaka: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya halmashauri. Ananung'unika lakini analipa, kwa sababu makato yanasomwa kabla. Kinachomtoa mtu ndani akiwa na kiberiti ni hesabu inayobadilika baada ya mzigo kuwa ghalani. Nintendo nayo ilibadilisha hesabu wakati mzigo wa watu ulikuwa umeshapakiwa YouTube.

Januari 2015 kampuni hiyo ikajaribu njia nyingine, ikatoa mpango wa kugawana: aliyesajili video moja moja alipata asilimia 60 ya mapato ya matangazo, aliyesajili chaneli nzima alipata asilimia 70, na ilimbidi ashike gemu zilizo kwenye orodha. Watu wakalalamikia urasimu wake, na mwishoni mwa 2018 ukafungwa. Mahali pake yakawekwa masharti ya wazi: onyesha, pata hela kwa njia zilizotajwa, ila lazima uongeze chako, sauti yako au ubunifu wako, usiweke picha tupu. Mojang, wenye Minecraft, walikuwa wameshawaruhusu watu kupata hela za matangazo kwa sharti la namna hiyohiyo. Niliposikia hayo nilimkumbuka yule mtangazaji wangu. Kampuni kubwa za dunia zilikuwa zimefika mahali ambapo kopo la sarafu la Masasi lilinifikisha zamani, kwamba anayeongeza sauti ameongeza mali.

Lakini yapo mambo mawili ambayo vijana huyachanganya. Gemu ya mpira na gemu ya hadithi si kitu kimoja. Kwenye banda tulikuwa tunajua kwamba mkanda ambao mwisho wake umeshasimuliwa mtaani haujazi. Mechi haisimuliki, kila ikichezwa ni mpya. Ndiyo maana Aprili 2017 kampuni ya Atlus, ilipotoa toleo la Kiingereza la Persona 5, iliwaonya watu wasirushe mchezo huo kupita tarehe fulani ya kalenda iliyo ndani ya hadithi yake. Ikapigiwa kelele, ikasogeza tarehe, lakini hoja yake ilibaki: aliyeona mwisho hanunui. Na mwaka 2023 mahakama ya Sendai, Japani, ilimhukumu mtu aliyepakia YouTube video za gemu ya hadithi ya Steins;Gate pamoja na miisho yake, akivuna hela za matangazo. Alipewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa kwa miaka mitano, na faini ya yen milioni moja. Yale maandishi tuliyokuwa tunayapeleka mbele, huko yamesomwa mpaka mwisho.

Kwetu hapa, mlango wa kwanza hata haukuwa wa kampuni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni wawe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya kila mwaka. Kijana wa Newala anayetaka kutangaza mechi za gemu kwa Kiswahili alikuwa anatazama gharama ya kuvuna na kuuza korosho za shamba zima kabla hajapata hata mtazamaji wa kwanza. Viwango vilikuja kupunguzwa miaka iliyofuata, ila wengi niliowajua walikuwa wameshageukia bodaboda.

Nawaambia hivi wanaobaki. Mwenye gemu ana haki yake. Aliitunga, aliichora, alilipa watu. Wewe nawe una chako: sauti, utani, mkono unaojua pedi. Soma masharti ya gemu kabla hujarekodi, kwa sababu siku hizi kampuni nyingi zimeyaandika na hayafanani. Chagua ya mpira au ya kujenga kuliko ya hadithi. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo andika ulichorekodi, lini, na muziki uliomo ni wa nani, maana mara nyingi kinachokukatia hela si gemu bali ni wimbo ulio ndani yake. Na usijidanganye kwamba umbali unakuficha. Umbali ulinificha mimi kwa sababu kopo langu la sarafu halikuwa na waya. Lako lina waya mpaka kwa mwenye mali, na hesabu yake anaiona kabla yako.

Na kwa kampuni, kama zipo zinazosikia Kiswahili, ningezielekeza zije zione tunavyofanya sasa kwenye ngoma za uwanda. Nikiitwa kupiga video siku wari wanapotoka jandoni, kamera haitolewi begani kabla sijakaa na wenye ngoma. Tunakubaliana bei ya nakala, sehemu ya kikundi inatajwa mbele ya watu, na mwisho wa kazi wanapewa nakala yao kwenye flashi bila kulipa. Wananionyesha pia pale ambapo kamera haivuki: nyimbo za ndani, mambo ya likumbi, yaani kambi ya jando, hayo hayapigwi hata kwa dau gani. Nimewahi kumwona mpiga picha kutoka mjini akivuka hapo, na kadi ya kamera yake ilibaki kijijini. Hakuwa na pa kulalamikia, kwa sababu alikuwa ameambiwa kabla. Kataza unachotaka kukataza, toza unachotaka kutoza, lakini kisemwe mlangoni, wakati mtu bado ana hiari ya kuingia au kurudi kwao na hela yake.